Bega la Kornelia

Mektrida aliliona bega la Kornelia kabla ya mtu mwingine yeyote, na akanyamaza wiki mbili nzima.

Aliliona Jumanne moja ya mwezi wa tano, masika yakiishiaishia na maji ya bwawa la shule yakiwa ya baridi ya kugonganisha meno. Kornelia alikuwa anaogelea kipepeo, mtindo ule wa kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja, na mkono wa kulia ulikuwa unachelewa kutoka majini. Kidogo tu. Asiyemjua asingeona kitu. Lakini Mektrida ndiye aliyemfundisha mtoto huyo kupuliza mapovu akiwa na miaka minane, na mwili wake ndani ya maji aliujua kuliko mwandiko wake mwenyewe. Akaona, akajua ni bega, akafunga mdomo. Mashindano ya kanda yalikuwa yamebaki wiki tano, na yeye pia alikuwa anaitaka ile medali.

Ndiyo maana baadaye, hasira ilipompanda, ilikuwa ni hasira ya kuwachukia watu wawili kwa mpigo, na mmoja wao alikuwa anamwona kila asubuhi kwenye kioo.

Kornelia alikuwa binti wa Wenseslaus, mkulima wa Kibosho mwenye kihamba cha kahawa na migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Jina alipewa la bibi yake mzaa baba. Shule yenyewe ilikuwa ya binafsi, juu kidogo ya mji wa Moshi, na watoto wengi wa pale walishushwa getini na magari ya wazazi wao. Kornelia alifika kwa njia nyingine. Mwaka mmoja watoto wawili walizama kwenye bwawa la mfereji wa kumwagilia kule Kibosho, na Mektrida, ambaye kwao ni huko huko, akamwendea mkurugenzi wa shule, Madam Hilda, akamwomba Jumamosi asubuhi awafundishe watoto wa vijijini kuogelea bila malipo. Madam Hilda akakubali. Picha za watoto wale zilipendeza sana kwenye kalenda ya shule.

Walikuja thelathini. Ishirini na tisa waliingia majini siku ya kwanza. Kornelia alikaa ukingoni, miguu ndani, Jumamosi saba mfululizo, na Mektrida hakumvuta wala kumbembeleza. Alimpa kikombe cha plastiki achote maji ajimwagie kichwani. Jumamosi ya nane mtoto akaingia mwenyewe, akatumbukiza uso, akaibuka akikohoa na kucheka. Baada ya mwezi alikuwa anaelea chali akitazama mawingu. Alipofika miaka kumi alivuka bwawa bila kupumzika. Shule ikamchukua kwa ufadhili, na alipokuwa na miaka kumi na miwili aliwaacha nyuma wasichana wa sekondari, na Mektrida alisimama pembeni na saa yake ya kupimia muda akijizuia asipige kelele.

Ndipo akaja Godwin.

Godwin alitoka Dar akiwa na vyeti vitano na miwani ya jua ambayo hakuivua hata siku ya mawingu. Madam Hilda akampa timu ya mashindano yote.

"Wewe, mwalimu, huna mpinzani kwa wale wanaoanza," alimwambia Mektrida, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Tuache kila mtu afanye anachokijua."

Basi Mektrida akabaki upande wa kina kifupi na watoto wa chekechea, na upande wa pili akawa anasikia kila kitu. Alisikia watoto wa miaka kumi na tatu wakipewa mizunguko ambayo watu wazima wangeikataa. Alimwona Godwin akileta mzani kando ya bwawa, akiwapanga wasichana kwenye mstari na kuwatangazia uzito wao kwa sauti. "Gunia," alimwita mmoja. Mwingine alimwita "mama ntilie". Watoto walicheka kwa woga, na aliyeitwa naye akacheka.

Wiki ile ya pili ya kunyamaza ilipoisha, Mektrida aliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo kutafuta kofia ya mtoto, akamkuta Kornelia anavaa sweta. Alikuwa ameshika mkono wa sweta kwa meno, anauvuta, mkono wake wa kulia umening'inia tu kama si wake.

"Toka lini?" Mektrida aliuliza.

"Shikamoo, mwalimu. Hamna kitu, nimelalia vibaya."

"Marahaba. Nimekuuliza, toka lini?"

Kornelia akatazama chini. "Toka Pasaka."

Pasaka! Mektrida alitoka mle ndani masikio yanamwaka moto. Alimkuta Godwin anakunja kamba za bwawa, akamweleza palepale, bila salamu.

Godwin alicheka. "Hilo bega ni la kubeba majani ya ng'ombe, mwalimu. Nimeshaongea na baba yake, ameacha kumbebesha. Litakaa sawa."

"Halijakaa sawa. Apelekwe hospitali, apumzike."

"Wewe endelea na wale wa mapovu," alisema Godwin, akaendelea kukunja kamba.

Mektrida alikwenda kwa Madam Hilda. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa suala limepokelewa. Mara ya pili aliambiwa kocha ni mtaalamu. Mara ya tatu Madam Hilda alifunga mlango, akashusha sauti, akasema, "Mektrida, nakuuliza kama dada yako. Una uhakika huu siyo wivu?"

Mektrida alitoka, akasimama kwenye maegesho ya magari, na majibu yote mazuri yakamjia pale, mbele ya magari matupu.

Jumapili baada ya misa alipanda Kibosho. Barabara ilikuwa imechimbika kwa mvua, akafika viatu vimejaa tope jekundu. Wenseslaus alimkaribisha kwa heshima zote, akamwekea kiti, mke wake akaleta bakuli la mtori wa ndizi. Nyuma ya banda, Mektrida aliona mzigo mkubwa wa majani umefungwa kamba, na mabegani mwa Wenseslaus, chini ya shati la kanisani, aliona alama za kamba ile ile.

"Siku hizi nabeba mwenyewe," alisema Wenseslaus. "Kocha alisema tumpumzishe mtoto, tukampumzisha."

"Baba Kornelia, majani hayahusiki. Huyu mtoto anaumizwa bwawani. Mtoeni kwenye mashindano."

Wenseslaus alikuna goti. "Kocha anasema kuna shule Dar inawachukua watoto kwa kuogelea tu. Mpaka chuo. Mimi nimeishia la saba, mwalimu. Sijui maji, sijui vyeti. Kuna mtu mmoja tu aliyepanda hapa kwangu akaniambia huyu mtoto ana kitu, nisimzuie. Alikuwa ni wewe. Leo unaniambia nimzuie. Nimsikilize Mektrida yupi?"

Mtori ulipoa. Mektrida aliteremka na hasira yake, na hakujua tena aielekeze wapi.

Mashindano ya kanda yalifanyika palepale shuleni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita. Mahema yalisimamishwa, spika zilipiga muziki, timu zilitoka Arusha na Tanga. Mwamuzi mkuu alikuwa mzee Ebenezeri, mwalimu mstaafu wa Machame, mtu wa maneno machache na kofia ya kudariziwa. Mektrida alipangiwa kupima muda kwenye njia ya nne. Kando ya uzio walisimama watu kumi na zaidi wa Kibosho waliokuja kumshangilia mtoto wao, na Wenseslaus mbele yao, amevaa koti la harusi ya mdogo wake.

Mbio za kipepeo mita mia mbili zilikuwa zimebakiza dakika kumi na tano Mektrida alipokwenda kunawa uso. Kornelia alikuwa amesimama kwenye beseni la kunawia, amekunja bahasha ndogo ya karatasi, anakunywa maji ya bomba kwa kiganja.

"Umemeza nini?"

"Vidonge, mwalimu. Vya kocha."

"Lete."

Ilikuwa ni dawa ya maumivu, ile kali, ambayo dada yake Mektrida alipewa alipovunjika nyonga. "Umemeza vingapi leo?"

"Viwili asubuhi. Viwili saa nne. Na hivi viwili."

"Na jana?"

Kornelia alikuwa anameza mate mara kwa mara, kama mtu anayezuia kutapika.

Mektrida hakukumbuka alivyotoka mle ndani. Alikumbuka tu kwamba alikuwa mbele ya Godwin na bahasha ile mkononi, na Godwin alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu waliokuwa wanawatazama.

"Usinivurugie siku," alisema kwa meno, tabasamu halijaondoka. "Baada ya mbio hizi anapumzika. Dakika tatu tu. Unataka kumnyima mtoto maisha kwa dakika tatu?"

Mektrida akamgeuzia mgongo, akaenda moja kwa moja kwa mzee Ebenezeri.

"Shikamoo, mwalimu. Mchezaji wa njia ya nne ni mgonjwa. Bega limeharibika na amejazwa dawa asisikie maumivu. Asiogelee."

"Marahaba. Una uhakika na unachokisema? Hapa mbele za watu?"

"Mwambie anyanyue mkono."

Mzee Ebenezeri akaita. Kornelia akaja, kofia kichwani, miwani ya kuogelea juu ya paji la uso. Muziki ulikuwa umezimwa.

"Mjukuu wangu," alisema mzee, "nyoosha mikono yote miwili juu, nione."

Wa kushoto ulipanda wima. Wa kulia ulifika usawa wa bega, ukakwama. Kornelia alikaza taya. Akaushusha ule wa kushoto, akaukamata nao ule wa kulia, akausukuma juu kwa nguvu, huku jasho likimtoka puani na macho yakimwangalia mzee yakisema umeona, umefika. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani."

Mzee Ebenezeri akachukua kalamu, akalifuta jina.

Kelele zilizofuata zilikuwa za Godwin, lakini zile zilizomwingia Mektrida mpaka kwenye mifupa zilikuwa za Kornelia.

"Umeniua!" alipiga kelele mtoto, analia kamasi zinamtoka. "Mwalimu, umeniua! Kocha aliniambia una wivu, nikakataa, nikakutetea! Sitaki kukuona tena!"

Wenseslaus aliruka uzio na koti lake, akamfunika mtoto taulo, akamwongoza getini. Hakumtazama Mektrida. Watu wa Kibosho wakamfuata mmoja mmoja, na mama mmoja, jirani wa kwao kabisa Mektrida, alipopita mbele yake alisonya.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mektrida alipewa barua. Ilisema utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Ilimshukuru kwa miaka tisa ya huduma. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kwenye kina kifupi kuwaaga watoto wa chekechea, na mlinzi, ambaye walikuwa wanataniana kila siku, akamwambia kwa aibu kwamba ameagizwa asimruhusu kupita.

Alikaa nyumbani kwake, mtaa wa Soweto mjini Moshi, siku kumi akifua vitu ambavyo havikuwa vichafu. Alifua mapazia. Alifua viatu vya mume wake mpaka mume akavificha. Usingizi ulikuja na kukatika, na kila ulipokatika alikuwa katikati ya sentensi anamjibu Hilda, au Godwin, au yule Mektrida wa mwezi wa tano aliyeona mkono ukichelewa na akajisemea moyoni, wiki tano tu, atavumilia.

Siku ya kumi na moja Wenseslaus alibisha hodi. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni ameshika bahasha kubwa ya hospitali.

"Mtoto alikuwa hapati usingizi," alisema. "Akaanza kutapika, na matapishi yana damu. Nikampeleka. Daktari anasema nyama za bega zimechanika, na tumbo limefanya vidonda kwa vile vidonge. Akaniuliza, nani amempa mtoto dawa hizi? Ananiuliza mimi, kama ni mimi." Sauti ilimpotea, akakohoa kuitafuta. "Nimekwenda ofisini kwa Madam mara mbili. Nimeambiwa ana wageni. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Njoo."

"Pale nimefukuzwa, Baba Kornelia."

"Utaingia kama mgeni wangu. Mimi bado ni mzazi."

Ukumbi ulijaa. Madam Hilda alionyesha picha ukutani: medali, vikombe, Godwin ameshikana mikono na watu wenye suti. Wazazi wakapiga makofi. Wenseslaus akasimama nyuma kabisa na bahasha yake.

"Mzee wangu, hilo tutaliongea ofisini," alisema Madam Hilda kabla Wenseslaus hajafungua mdomo.

"Hapana, Madam. Ofisini hatuongei. Tuongee hapa."

Akaeleza, polepole, kwa Kiswahili cha kuchagua neno kwa neno, na watu wakageuza viti kumtazama. Godwin akachukua kipaza sauti. Alisema michezo ina majeraha. Alisema wazazi waliridhia. Alisema kuna watu walioachishwa kazi ambao wanatumia huzuni ya familia kulipiza kisasi, na akamwangalia Mektrida kwa miwani yake myeusi.

Mektrida alikuwa amejiandaa. Alikuwa na karatasi. Aliposimama aliisahau kwenye kiti.

"Vua hiyo miwani nikuone macho," alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Ulimlisha mtoto wa miaka kumi na tatu vidonge sita kabla ya saa sita mchana. Uliwapima wasichana uzito kama mbuzi wa mnadani. Nilimwambia mkurugenzi mara tatu, akaniuliza kama nina wivu. Na mimi siko msafi. Nililiona lile bega wiki mbili kabla ya kusema. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nataka ashinde. Nimemwomba Mungu msamaha, na Baba Kornelia huyu hapa namwomba mbele yenu. Lakini mimi nilinyamaza wiki mbili, nyie wawili mmenyamaza mpaka leo, na leo mnatuonyesha picha!"

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha kwenye safu ya mbele akasimama Martha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mama ambaye hata siku moja hakuwahi kumsalimia Mektrida. Alikuwa na begi la kuogelea la binti yake, la waridi, lenye picha ya samaki. Akalifungua, akapekua mfuko wa pembeni, akatoa bahasha ndogo ya karatasi na kuiweka juu ya meza ya Madam Hilda.

"Nilidhani ni vitamini," alisema. "Huyu wangu ana miaka kumi na moja."

Baada ya hapo hakuna aliyeongoza mkutano. Baba mmoja alipanda jukwaani, wengine wakamzuia. Viti vilianguka. Godwin alitorokea mlango wa jikoni, na waliomwona wanasema alikuwa anakimbia.

Shule ilitoa tangazo. Lilisema Kocha Godwin amepata fursa nyingine na inamtakia heri. Hakuna neno la bega, hakuna neno la vidonge. Wiki iliyofuata Madam Hilda alimpigia simu Mektrida akitaka arudi, apewe timu yote. "Tusahau yaliyopita," alisema.

"Andika kilichotokea," alisema Mektrida. "Andika, weka sahihi, wape wazazi. Nitarudi siku hiyo hiyo."

"Mektrida, unajua hilo haliwezekani."

"Basi na mimi kurudi haiwezekani," alisema Mektrida, akakata simu.

Alipata bwawa dogo la nyumba ya wageni pale pale Soweto, lisilofika hata mita kumi na tano, ambalo mwenye nalo alimruhusu kulitumia asubuhi. Alianza na watoto sita, wakawa kumi na wanne. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, mtu aliyetoka Dodoma akamwambia amemwona Godwin huko, anafundisha watoto, miwani ile ile. Siku hiyo Mektrida aliwaruhusu watoto mapema, akaketi kwenye meza ya kando ya bwawa kukiandikia tena chama cha kuogelea. Barua ya kwanza, aliyoipeleka baada ya mkutano ule, waliijibu kwa mstari mmoja: imepokelewa.

Alikuwa kwenye ukurasa wa pili geti lilipolia. Walikuwa Wenseslaus na Kornelia. Mtoto alikuwa amerefuka.

"Shikamoo," alisema Kornelia, bila kuongeza mwalimu.

"Marahaba."

"Daktari ameniruhusu maji. Miguu tu. Kipepeo amesema nisahau." Alitazama bwawa, akakunja pua. "Ni kadogo."

"Ni kadogo."

"Bado nina hasira na wewe."

"Nilikuona ukilia, sikutegemea iishe," alisema Mektrida. "Unayo haki. Hata mimi yangu haijaisha."

Kornelia akavua viatu, akaingia na vazi lake la kuogelea la zamani lililombana, akashika kibao cha kuelea kwa mkono wa kushoto. Alikwenda na kurudi kwa miguu tu, mara kumi, mara ishirini, maji yakichemka nyuma yake, huku baba yake amekaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu kwa midomo. Alipotoka alikuja mezani akitweta, akainama juu ya karatasi na kusoma, maji yakimtiririka kutoka kwenye nywele.

"Unawaandikia kuhusu mimi?"

"Kuhusu yeye. Yuko Dodoma. Ana watoto wengine."

Kornelia alisoma mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, ukawa mgumu, ukafanana na wa bibi yake aliyempa jina.

"Umeandika alinipa vidonge sita," alisema. "Hukuandika alichoniambia nilipokataa vya kwanza. Wewe hukuwepo. Lete kalamu, naandika mwenyewe."

Mektrida alimtazama Wenseslaus. Wenseslaus akaitikia kwa kichwa.

"Kausha mikono kwanza," Mektrida alisema, akamsogezea taulo na kiti.